Mwikali, Mimi na Kompresa za Malori

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Foremeni wa karakana ya mjini Wote alinipeleka kwenye lori lililokuwa limetoka safarini muda huo huo, akaniambia nilale chali chini yake na niweke kiganja changu kwenye chesisi, yaani ile mihimili miwili mirefu ya chuma inayobeba lori zima. Halafu akaniambia nisogeze mkono polepole kuelekea mbele.

"Unaskia nini?" aliuliza. Nilikuwa naona viatu vyake tu.

"Joto, Foremeni."

"Sogeza tena. Hapo mkono unaweza kaa?"

"Hapana. Panachoma."

"Basi hata kompresa haiwezi kaa hapo. Toka tunywe chai."

Nimestaafu sasa, na bado sijapata kipimo kizuri kuliko kiganja. Naandika haya kwa ninyi mnaoingia kazi hii mkiwa na simu za kuwaonyesha kila kitu kwa picha. Naandika pia kwa sababu nina wivu. Nalisema mapema ili msije mkafika katikati mkajiuliza mzee huyu ana nini. Nina wivu na mwanamke anayeitwa Mwikali, ambaye hajawahi kunikosea heshima hata mara moja, na jambo hilo ndilo linalonikera zaidi.

Kwanza kazi yenyewe. Malori makubwa hutoka kiwandani na kompresa inayoendeshwa na injini, kwa sababu breki zake zinatumia upepo. Malori madogo, yale yaliyobeba maembe na machungwa ya Makueni, yalikuja na breki za mafuta na springi za chuma, basi. Barabara zetu mnazijua. Springi zilikatika, na embe lilifika sokoni limepondeka mpaka mnunuzi analigeuzageuza na kulirudisha. Wenye malori wakaanza kuweka mipira ya upepo huko nyuma, mipira minene inayokaa kati ya ekseli na chesisi. Ukiijaza, lori linainuka na mzigo unatulia. Lakini mipira hiyo inahitaji upepo, na upepo unahitaji kompresa ndogo ya umeme wa betri pamoja na tangi la kuuhifadhi. Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa kuifunga kompresa hiyo mahali ambapo itaishi.

Nasema itaishi kwa sababu kompresa hufa ovyo. Haipendi joto, kwa hiyo unaiweka mbali na ekzosi, lile bomba la moshi. Haipendi vumbi, kwa hiyo bomba lake la kuvuta hewa unalipandisha juu mahali palipo safi na unalivika kichujio. Haipendi mtikisiko, kwa hiyo chini ya braketi, kile chuma kinachoishikilia, unaweka bushi za raba. Chesisi huichomelei hata kidogo, na ukilazimika kuitoboa, unatoboa ubavuni, kamwe si juu wala chini ya mhimili, kwa kuwa tundu baya huleta ufa na ufa huleta msiba. Waya mnene unatoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi inakaa karibu na betri, si karibu na kompresa. Waya ukikwaruzika njiani bila fyuzi, lori linawaka moto. Katikati unaweka relei, kijisanduku kinachobeba umeme mzito ili swichi ndogo ya dereva isiungue. Ukimaliza, unapaka povu la sabuni kila kiungo na kuangalia kama kuna upepo unaovuja. Foremeni alikuwa akisema sabuni haijui kumfichia mtu.

Tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona karakana nyingine. Fundi aliyefunga kompresa alipanda lori hilo safari yake ya kwanza yenye mzigo, akaketi mbele pamoja na dereva mpaka mwisho wa safari. Tuliita kukalia kazi. Ikiwa kazi yako ni mbaya, utalala nayo njiani. Nimekalia kazi nyingi, na sijawahi kulala njiani.

Mwikali alikuja Wote nikiwa nimeshazoea kuitwa fundi. Alitoka upande wa Kathonzweni, alikuwa amejifunza kuchomelea milango na madirisha, na alikuwa mwimbaji katika kwaya ya kanisa lao. Alicheka kwa sauti. Ukiwa chini ya gari upande wa pili wa uwanja ungejua Mwikali amefika. Foremeni, mtu mkavu ambaye kwa miaka yote aliniita Mutiso tu kama mwalimu anayeita majina, alianza kumwita mwiitu wakwa, yaani binti yangu. Saa sita alimgawia muthokoi, mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, kutoka kwenye bakuli lake mwenyewe. Mimi sikuwahi kupewa hata kijiko. Mtasema hilo ni jambo dogo. Kaeni na mtu miaka mingi mkishika naye chuma kimoja, halafu mje mniambie ni dogo.

Kwa kazi, nilikuwa namzidi. Sijisifu. Hata yeye alijua, na alisema mbele za watu, "Baba Kioko ana mkono wa kutulia, mimi wangu una haraka." Watu walicheka na kumpenda zaidi. Kioko ni kifungua mimba wangu.

Kisha kampuni ikafungua karakana Mwingi kwa ajili ya wasafirishaji wa mifugo, na Meneja akampeleka Foremeni huko kuianzisha. Foremeni akatuchukua sisi wawili. Nilifurahi, kwa sababu mimi ni mtu wa Nuu, upande huo huo wa Mwingi, nimezaliwa kati ya mbuzi, na huko nilikuwa narudi kwetu. Nilifurahi pia kwa sababu Foremeni alikuwa anakaribia kustaafu, na Meneja alikuwa ameshatamka kwamba mrithi wake atatoka kati yetu. Nilikitaka cheo hicho kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine chochote. Mke wangu alikuwa ananiona nikila kimya, anajua nakiwaza.

Lori la mbuzi si lori la maembe. Kule Wote tulifunga kompresa ndani ya chesisi, chini ya bodi ya mzigo, nyuma kidogo ya kebini, na ilikaa miaka. Nilipolitazama lori la kwanza la mifugo pale Mwingi nilijua mahali hapo hapafai. Mbuzi hukojoa. Mkojo unapenya kwenye mbao za bodi, unatiririka juu ya chesisi, na una chumvi inayokula shaba na chuma. Nikatengeneza braketi ya kusimama wima katika nafasi kati ya kebini na bodi, juu ya chesisi, nikaifunga kompresa hapo, na waya zote nikazishusha upande wa kebini badala ya upande wa mzigo. Haikupendeza macho. Dereva wa kwanza aliniuliza kama nimembebesha jiko. Lakini ilikuwa kavu, na hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kabla yangu. Hilo naomba mlishike.

Hajji alikuja mwaka huo huo na malori mawili. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini mashariki, mtu mrefu mwenye ndevu za hina, mwenye duka Mwingi na ndugu katika kila soko mpaka Emali. Akiridhika, angeleta malori ya ukoo wote. Foremeni alinipa mimi lori moja na Mwikali lingine. Hakusema ni mtihani. Hakuna mtu pale uwanjani aliyehitaji kuambiwa.

Mimi nilifunga nyuma ya kebini. Mwikali alifunga chini ya bodi, kama kule Wote. Nilienda nikamwambia, "Hapo pana mkojo."

"Nimeona, Baba Kioko. Nimeweka bati juu yake. Itakinga."

"Mkojo hauanguki tu. Unafuata chuma."

"Bati ni pana. Wewe wacha tu."

Nikaacha. Nilikuwa nimesema, na alikuwa amesikia.

Tulienda kupakia Nuu siku ya soko. Wafanyabiashara wa kwetu wana tabia ya kuwanywesha mbuzi maji mengi kabla ya safari ili wafike sokoni matumbo yamejaa, waonekane wanene. Niliwatazama wale mbuzi wakinywa na kunywa kwenye birika, na sitawadanganya, moyo wangu ulikuwa umechangamka. Tuliondoka tukipitia Kitui kuelekea Mutomo, Kibwezi na hatimaye Emali. Mimi nilikalia kazi yangu katika lori la mbele. Mwikali alikalia yake katika lori la nyuma, pamoja na dereva na Hajji mwenyewe.

Kabla ya kufika Mutomo dereva wangu alitazama kioo na kusema, "Wenzetu wamesimama."

Tukarudi nyuma. Lori lao lilikuwa limelala kwa nyuma, mipira imenywea, na mbuzi walikuwa wamerundikana upande mmoja wakilia. Mkojo ulikuwa umepita ukingoni mwa bati, ukafuata chuma mpaka kwenye relei, relei ikaungua, na kompresa ikanyamaza. Kila shimo likaumeza upepo wa tangi mpaka ukaisha. Hajji alikuwa ameshashuka, anamfokea dereva.

"Wewe umepita mashimo kama umeiba gari! Mbuzi yangu ikivunjika mguu nani analipa?"

Hapa lazima niwaeleze jambo. Katika kazi yetu, chombo kikifa njiani, mwenye makosa ni dereva. Amepita kwenye maji, amekimbia, amechezea swichi. Fundi anatikisa kichwa tu, na mwenye gari anamkata dereva mshahara. Ilikuwa hivyo kila karakana niliyofanya kazi. Yule dereva mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, ameshapokea makosa ambayo hakuyafanya.

Mwikali akasimama kati yao. "Hajji, wacha dereva. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nimefunga kompresa mahali mbaya. Mutiso aliniambia, sikuskia. Dereva ameendesha poa. Mbuzi ikifa, uliza mimi."

Hajji akamgeukia. Nadhani hakuwa amewahi kuambiwa maneno ya aina hiyo na fundi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa unafanya nini?"

"Sasa naitengeneza."

Akavua leso ya kichwani, akajifunga kiunoni, akaingia chini ya lori, na mkojo wa mbuzi ukamdondokea shingoni akiwa huko huko. Aliosha viungo vya waya kwa maji ya kunywa ya dereva, akakata sehemu iliyoungua, akaunganisha upya. Alihitaji relei. Mimi nilikuwa na ya akiba mfukoni, kwa sababu sisafiri bila ya akiba. Nikampa. Nilimpa kwa kuwa Hajji alikuwa ananitazama. Kompresa ikanguruma, mipira ikajaa, lori likainuka, na mbuzi wakajipanga. Dereva alimfungulia Mwikali mlango wa kebini kama anamfungulia mke wa chifu.

Tulifika Emali tumechelewa, lakini mbuzi wote walikuwa wazima. Nilirudi Mwingi nikiwa mtu mwenye furaha. Kazi yangu ilikuwa imekwenda na kurudi bila kasoro. Yake ilikufa mbele ya mteja mkubwa, na mwenyewe alikuwa amekiri kwamba nilimwonya. Nilianza kufikiria ni wapi nitaweka meza yangu ya foremeni.

Juma lililofuata Meneja alikuja kutoka Kitui, akatukusanya uwanjani, akasema Foremeni amependekeza jina la Mwikali na yeye amekubali. Mafundi wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu mikono ilikuwa haina pa kwenda.

Jioni nilimfuata Foremeni akifunga kabati la vifaa.

"Foremeni, kazi yangu ilikuwa na shida gani?"

"Haikuwa na shida."

"Na yake?"

"Yake ilikufa Mutomo. Si mlikuwa wote."

"Basi imekuwa aje?"

Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama kawaida yake. "Mutiso, foremeni si mtu wa kufunga kompresa. Ni mtu wa kusimama mbele ya mwenye gari ikiwa imekufa. Mwikali nimeambiwa vile alisimama. Hajji mwenyewe ameniambia. Wewe sijui utasimama aje."

"Hujui kwa sababu sijakosea."

"Ndio hiyo," alisema, akachukua bakuli lake akaenda nyumbani.

Nimekuwa na wivu wa kila namna. Nimeonea wivu kicheko, nimeonea wivu muthokoi. Lakini sikujua kwamba mtu anaweza kuonea wivu kosa la mwenzake. Nililala nikilitamani lile kosa. Nilitamani lile lori lililolala lingekuwa langu, mkojo ungenidondokea mimi, na mimi ndiye ningesimama mbele ya Hajji na kusema ni mimi. Halafu nilikuwa najiuliza kama kweli ningelisema, na hapo nilikuwa nageukia upande wa ukuta.

Mwikali alikuja kwangu siku chache baadaye, tayari akiwa foremeni, na badala ya kuniita alikuja yeye mwenyewe mpaka kwenye gari nililokuwa nalishughulikia. "Baba Kioko, nionyeshe vile unafunga ya nyuma ya kebini. Yote. Hata vile unapitisha waya." Nilimwonyesha. Hakuna kitu nilichomficha, kwa kuwa kazi ni kazi. Alijifunza upesi, akaboresha na braketi yenyewe, akaitengeneza ya vipande viwili ili fundi mmoja aweze kuishika peke yake. Hilo mimi sikuwa nimeliwaza, na lilinikera siku nzima.

Hajji alileta malori ya ukoo. Kila lililoingia getini, dereva alishusha kioo na kuuliza, "Mwikali yuko?" Nikiwepo mimi tu, alizima injini na kumsubiri. Nilifanya kazi chini yake Mwingi, kisha Kitui mjini kampuni ilipotuhamishia huko, mpaka nikastaafu. Hakuwahi kunipa amri mbele za watu. Kazi ngumu alinipa mimi, akisema hii ni ya Baba Kioko tu, hii sisi wengine tutaharibu. Alimlea vizuri kila fundi aliyeajiriwa. Kazi ya mtu ikirudi, alitoka yeye getini kukutana na mwenye gari, hata kama lilikuwa kosa la mwingine. Nilikuwa nikimtazama kupitia katikati ya magurudumu, naona viatu vyake vimesimama imara mbele ya viatu vya mtu aliyekasirika, mpaka vile vingine vinaanza kurudi nyuma. Na kazi yangu mimi haikurudi hata mara moja. Nilikaza, nikapima, nikapaka sabuni mara mbili. Ilifika wakati nikawa nasubiri irudi, ili ionekane nitakavyosimama. Haikurudi.

Siku ya kuniaga alitoa hotuba akalia. Alisema kila alichokijua kuhusu kompresa alikitoa kwa Foremeni na kwangu. Watu wakapiga makofi, na wengi walikuwa wanamtazama yeye.

Sasa nakaa Matinyani. Nina kuku, nina shamba la pojo na kunde, na mgongo unaouma asubuhi. Mke wangu anasema mtu aliyestaafu ni lazima astaafu na mambo mengine pia. Namjibu kwamba nimejaribu. Kuna siku nashinda bila kumkumbuka Mwikali, kisha linapita lori, naangalia nyuma ya kebini bila kukusudia, na siku imeharibika.

Jirani yangu Kavita amenunua lori dogo la kubebea nafaka na mbuzi. Mwezi uliopita aliniomba nimsindikize mpaka mji mdogo wa Tulia akawekewe mipira ya upepo, ili nimwangalizie kama fundi anajua kazi. Fundi wa Tulia ni mwanamume mwenye familia, mchapakazi. Alikuwa na vifaa vizuri. Kiganja hakutumia, alitumia kipima joto kidogo chenye taa nyekundu, na kilisema ukweli.

"Hii tutaweka Kimwikali," alimwambia Kavita.

"Ni nini hiyo?" Kavita akauliza.

"Nyuma ya kebini, imesimama. Waya inashukia huku. Haishikwi na mkojo."

Nikaingilia. "Nani amekuambia ni ya Mwikali?"

"Ndio jina yake, mzee. Kitui yote inaitwa hivyo, hata Makueni. Lakini mwenyewe hukataa. Alikuja hapa kutufundisha, akasema sio yake, alionyeshwa na fundi wa Nuu. Mutiso fulani."

"Na ninyi mkasema nini?"

"Tungesema nini? Jina ilikuwa imeshashika."

Kavita alifungua kinywa. Nikamkanyaga mguu, akakifunga.

"Kwani wewe unamjua huyo Mutiso?" fundi aliuliza, akiinama kutafuta tundu la bolti kwa tochi.

"Namjua sana. Amefunga kompresa maisha yake yote, na hakukosea hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alilipata tundu, akaingiza bolti, akaanza kuizungusha kwa vidole. "Sasa mbona hakuwa foremeni?" aliuliza bila kuinua uso.

Nikamwambia akaze ile ya chini kwanza.